Zamu ya Maji

Mitunguu iko chini ya Nkubu, pale Mlima Kenya unapomalizia kuteremka na joto la Tharaka linapoanza kumpokea msafiri. Ukishuka kwenye matatu, kitu cha kwanza kukukaribisha ni ndizi. Mikungu imepangwa kando ya barabara ikingoja malori ya Nairobi, na nyuma yake migomba imesimama kijani kibichi hata mwezi wa Septemba, wakati vichaka vya jirani vimebaki miti mitupu. Ukijani huo si wa mvua. Unatokana na mto Thingithu, ambao maji yake, katika miaka ya 1980 na kwa msaada wa Ujerumani, yaliingizwa kwenye mabomba yakateremka yenyewe bila pampu hadi kwenye vinyunyizio vya wakulima.

Lakini Mitunguu wakioza binti yao, hawapiki ndizi peke yake. Lazima uwepo wali, na wali wenye heshima ni ule unaonukia kabla sufuria haijafunuliwa. Huo ni pishori, na pishori hutoka Mwea. Jina lenyewe limesafiri kutoka Peshawar, likatamkwa na vinywa vya huku hadi likawa letu.

Mlima unaonywesha migomba ya Mitunguu na mpunga wa Mwea ni mmoja. Wameru wanauita Kirimaara, Wakikuyu wanauita Kirinyaga. Thingithu unashuka upande wa mashariki. Nyamindi na Thiba, mito miwili inayoilisha Mwea, inashuka upande wa kusini. Na Mwea, ingawa leo iko Kaunti ya Kirinyaga, ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu hadi mwaka 1963. Kwa hiyo habari hii ni ya nyumbani kwa watu wa Meru na Embu, hata kama majaruba yenyewe yako ng'ambo ya vilima kadhaa.

Nataka kuieleza kwa kufuata jambo moja tu: tarehe. Ukikaa na wakulima wa Mwea utashangaa jinsi wanavyozungumzia siku na wiki kuliko wanavyozungumzia mbolea. Maji yatafunguliwa lini, kitalu kimwagwe lini, zamu yetu ni Jumanne au Alhamisi. Mpunga wa Mwea umeishi kwa ratiba tangu siku ya kwanza. Mwenye ratiba amebadilika mara kadhaa, na kila alipobadilika, watu waliumia.

Kabla ya mwaka 1954 uwanda ule ulikuwa malisho na ugomvi. Wakikuyu wa Ndia na Gichugu, Waembu na Wambeere, kila mmoja alikuwa na madai yake, na malaria ilihakikisha kwamba hakuna aliyetulia humo kwa wingi. Mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 950, nayo huja kwa vipindi viwili ambavyo Wakikuyu wanavitaja kwa mazao yake: mvua ya njahi, kuanzia Machi, na mvua ya mwere, kuanzia Oktoba. Udongo ni mweusi, wa mfinyanzi. Jua likiuwakia unapasuka nyufa za kumeza fimbo. Mvua ikiupiga unanata hadi kwato za ng'ombe zinakwama. Kwa mahindi udongo ule ni mateso. Kwa mpunga ni bakuli, maana maji yakisimama juu yake hayazami upesi.

Bakuli hilo lilichongwa na mikono ya wafungwa. Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na kufikia mwaka 1954 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamefungwa bila kesi kwa kushukiwa kuwa wa Mau Mau. Wengi waliletwa Mwea. Gathigiriri, Thiba, Kandongu: leo ni majina ya vijiji na mifereji, wakati ule yalikuwa majina ya kambi. Wamumu ilikuwa kambi ya wavulana. Mwaka huo wa 1954 serikali ilianza kufungua mashamba ya umwagiliaji katika uwanda huo, ikiwa na hesabu mbili kichwani: kupata kazi ya watu hawa kwa bei ya karibu bure, na baadaye kupata mahali pa kuwaweka wale wasio na ardhi. Mifereji ilichimbwa kwa jembe, sepeto na karai. Matuta yalijengwa kwa udongo uliobebwa kichwani. Mwaka 1957 ofisa Terence Gavaghan alipewa kambi za Mwea kusimamia, na chini yake waliokataa kukiri viapo walivunjwa kwa kipigo tangu siku waliyoshushwa kwenye lori. Utaratibu huo huo wa kuwalazimisha wafungwa kufanya kazi ulipopelekwa Hola, kwenye shamba jingine la umwagiliaji katika mto Tana, wafungwa 11 waliuawa tarehe 3 Machi 1959. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia manusura 5,228 wa mateso ya kipindi hicho.

Sisemi haya ili kutonesha kidonda. Nayasema kwa sababu mfereji unakumbuka aliyeuchimba. Ratiba ya kwanza ya Mwea ilikuwa amri, na harufu ya amri haikutoka upesi hata baada ya kambi kufungwa na wapangaji wa kwanza kuingia katika nusu ya pili ya miaka ya 1950.

Kila mpangaji alipewa takriban ekari nne, zilizogawanywa katika vipande vya ekari moja moja. Neno ni mpangaji, si mwenye shamba. Ardhi ilikuwa ya mradi, na yeye alikuwa na leseni iliyoweza kufutwa akishindwa kufuata maagizo. Mwaka 1966 iliundwa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, na kanuni zikabaki ngumu: meneja ndiye aliyeamua trekta la rotavata lipite lini, maji yaingie lini, mbegu iwe gani, mavuno yauzwe wapi. Familia iliruhusiwa kubakiza magunia machache ya chakula, na mengine yote yakaenda kwenye kinu cha mradi. Kwa miaka mingi mbegu iliyotawala ilikuwa Sindano, kabla pishori haijashika uwanda.

Wageni walikuja kutoka mbali kuona. Robert Chambers na Jon Moris walihariri kitabu kizima kuhusu Mwea mwaka 1973, na kwa watu wa mipango ya maendeleo mradi huu ukawa mfano wa kufanikiwa. Ndani ya kitabu hicho hicho, hata hivyo, kulikuwa na sura kuhusu wanawake iliyosema jambo ambalo wenye mipango hawakulipangia. Mke ndiye aliyepandikiza, akapalilia, akavuna. Fedha zikaingia kwa jina la mume. Kuni zilikuwa mbali, shamba la mahindi na maharagwe halikutosha, na mtoto hawezi kulishwa kwa stakabadhi ya kinu.

Pamoja na ukali wake wote, ratiba ile ya meneja ilikuwa na hekima moja ndani yake, na bila kuielewa hatutaelewa shida ya leo.

Katika mpango ule mpunga ulilimwa mara moja kwa mwaka. Kitalu kilimwagwa Julai, miche ikahamishwa Agosti, mavuno yakaja Desemba na Januari. Kwa nini Julai? Mto una maji ya kutosha kuanzia Aprili, na mtu angedhani Aprili ndio wakati. Jibu liko ndani ya suke. Wiki mbili hivi kabla mpunga haujachanua, suke likiwa bado limefichwa ndani ya shina kama mtoto tumboni, ndipo chavua inapotengenezwa. Wakati huo mpunga hauvumilii baridi. Na usiku wa Juni na Julai uwanda wa Mwea hupoa sana. Ukungu unashuka kutoka mlimani, mbingu inafunikwa na wingu zito la kijivu mchana kutwa, na joto la alfajiri linateremka chini ya nyuzi 16. Chavua inayotengenezwa katika baridi hiyo inakufa. Mmea hauonyeshi dalili yoyote. Unachanua kama kawaida, mabua yanasimama, jani ni kijani. Mkulima anajua siku anapolichukua suke mkononi na kubana punje kwa ukucha, akitazamia tone jeupe la maziwa, na ukucha unakutana na ganda tupu. Anabana ya pili, ya tatu. Suke lililojaa huinama. Hili limesimama wima.

Panda Julai na Agosti, basi, na mpunga utapitisha siku zake za hatari Oktoba, wakati jua limerudi. Panda Aprili na utampeleka mtoto tumboni moja kwa moja kwenye baridi. Hili ndilo linalomshangaza mgeni anayekuja Mwea kuuliza juu ya ongezeko la joto duniani: hapa, kwenye kimo cha kama mita 1,150 chini ya mlima, mkulima bado anauawa na baridi kuliko joto. Mabadiliko ya tabianchi hayakumjia kwa kumchoma. Yalimjia kwa kumvurugia tarehe.

Ila tarehe zilivurugika kwanza kwa sababu nyingine, na uaminifu unataka tuanze na hiyo. Katika miaka ya 1990 subira ya wapangaji ilikwisha. Bei iliyolipwa na bodi ilikuwa ndogo, makato yalikuwa mengi, na nje ya mradi wafanyabiashara walikuwa wanalipa vizuri zaidi kwa mchele ule ule. Mwaka 1998 wakulima walikataa kupeleka mavuno kwa bodi. Wakayapeleka kwa chama chao cha ushirika. Januari 1999 polisi walifyatua risasi na vijana wawili wakauawa. Bodi iliondoka shambani, na kwa miaka kadhaa ushirika ukaendesha kila kitu, kuanzia matrekta hadi malango ya maji. Bodi ilirudi mwaka 2003 kwa makubaliano mapya, ikisimamia maji makuu pamoja na wakulima, si juu yao. Mkulima sasa angeweza kuuza mchele wake anakotaka. Wale vijana wawili hawakuiona siku hiyo.

Uhuru wa kuuza ukaleta uhuru wa kupanda. Wengi walianza kulima misimu miwili, au kuacha mashina baada ya mavuno yachipue tena na kutoa mpunga wa pili. Nje ya mipaka ya mradi, huko Ndekia na Marura, watu ambao hawakuwahi kupewa ekari walijichimbia mifereji na kupanda mpunga wao. Mwea wanawaita jua kali, kama mafundi wa kando ya barabara, nao wakawa maelfu. Siwalaumu. Mtu anayeona maji yanapita mbele ya mlango wake kwenda kunywesha shamba la mwenzake hawezi kuambiwa akae akitazama. Lakini mto ulikuwa ule ule. Eneo lililokuwa na mpunga lilipanuka, misimu ikaongezeka, na Thiba haukuongezewa hata ndoo moja. Maji yakaanza kuchelewa mwisho wa mfereji, na kuchelewa maana yake ni Agosti kuwa Septemba, na msimu wa pili kusukumwa hadi ukaangukia Juni.

Juu ya shamba lililokwisha kubanwa hivyo ndipo mbingu nayo ilipobadilika.

Tuanze na barafu, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Halford Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899, mlima ulikuwa na mito ya barafu 18. Zaidi ya nusu imetoweka. Ule unaoitwa Lewis, mkubwa kuliko yote, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Wazee wanaotazama mlima asubuhi wanaona mweusi pale palipokuwa na mweupe, na wengi wanahitimisha kwamba ndiyo maana mito imepungua. Hitimisho hilo linaumiza moyo lakini si sahihi sana. Barafu ile ilikuwa ndogo mno kulisha mito mikubwa. Mchango wake ulikuwa kama chumvi kwenye mchuzi. Maji ya Thiba, Nyamindi na Thingithu ni mvua iliyohifadhiwa na msitu na nyasi za juu, ikatolewa taratibu kupitia chemchemi katika miezi mikavu. Msitu ndio ghala. Na ghala hilo liliwahi kuvunjwa: uchunguzi wa Shirika la Wanyamapori uliofanywa kutoka angani mwaka 1999 ulikuta miti ya muthaiti imekatwa kwa maelfu na mashamba ya bangi yamefichwa ndani ya msitu, hata mwaka uliofuata msitu wote ukawekwa chini ya shirika hilo.

Kuhusu mvua yenyewe, kumbukumbu za vituo vya Afrika Mashariki zinaonyesha kwamba mvua ya njahi ilipungua kuanzia miaka ya 1980 na kuendelea kwa takriban miongo mitatu, ingawa kompyuta nyingi za wataalamu wa hali ya hewa zinatabiri kwamba kanda yetu itakuwa na mvua zaidi karne hii inavyosonga. Wataalamu wenyewe wamelipa jambo hilo jina la kitendawili. Kwa mkulima kinachomgusa si wastani. Ukame wa 1984 anaukumbuka kwa unga wa manjano. Mvua za El Niño za 1997 anazikumbuka kwa matuta yaliyobomoka. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua mfululizo ilikuwa haba sehemu kubwa ya Kenya, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miongo mingi. Kisha mvua za mwisho wa 2023 na za Aprili na Mei 2024 zikaja kwa fujo za kuua. Mto wa mlimani wakati wa mafuriko hauna faida kwa jaruba. Unapita mwekundu kwa udongo, unajaza mchanga kwenye vizuizi vya maji, unabomoa, unakwenda zake. Mwezi mmoja baadaye mkulima yule yule anapanga foleni ya maji.

Ugonjwa nao una tarehe zake. Blasti ya mpunga, kuvu inayotoboa jani kwa madoa yenye umbo la jicho na kuvunja shingo ya suke, inapenda siku za wingu, umande mrefu na usiku baridi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 ilipiga Mwea vibaya, na pishori, mbegu ambayo Mkenya anailipia kuliko zote, ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Shamba lililochelewa kwa sababu ya maji lilijikuta kwenye wingu, na lililokuwa kwenye wingu likakutana na kuvu.

Watu hawakukaa mikono mapajani. Mwaka 2009 Profesa Bancy Mati wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta aliwaletea wakulima wa Mwea kilimo shadidi, mtindo uliobuniwa Madagaska katika miaka ya 1980 na padri Mjesuti Henri de Laulanié. Namna yake inakwenda kinyume na kila alichofundishwa mpangaji wa zamani. Miche inahamishwa ikiwa na siku nane hadi kumi na mbili, midogo kama nyasi za uani. Inapandwa mmoja mmoja badala ya mafungu. Inaachiwa nafasi ya sentimita 25 kila upande. Na jaruba halifurikwi daima, bali linaloweshwa, linaachwa likauke hadi nyufa ndogo zianze, linaloweshwa tena. Mzee aliyefanya kazi chini ya meneja angetishiwa leseni yake kwa kuacha nyufa zionekane. Sasa profesa alikuwa anamwambia aziache. Wachache walijaribu kwenye pembe ya shamba, mahali ambapo jirani hataona aibu yake. Mpunga ukachipua vishina vingi kuliko ule wa mafungu. Vipimo vilivyofanywa Mwea vikaonyesha maji yaliyookolewa ni takriban robo, na mavuno hayakupungua, yalipanda.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwa macho. Tope lililofunikwa na maji muda mrefu hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani kwa nguvu nyingi, na kulikausha mara kwa mara hupunguza gesi hiyo sana. Mkulima wa Mwea hakusababisha tatizo hili, na sioni haki kumbebesha mzigo wa kulitatua. Lakini kama anaokoa maji kwa ajili ya jirani wa mwisho wa mfereji, na dunia nayo ikafaidika, na iwe hivyo.

Kilimo shadidi kilikuwa na bei yake. Jaruba lisilo na maji huota magugu, na magugu yana mwenyewe: mgongo wa mwanamke, au kibarua wa kulipwa kwa siku. Tena kinahitaji maji yafike siku iliyoahidiwa. Huwezi kumwambia mtu aache shamba likauke kama hana hakika kwamba zamu yake itarudi kwa wakati. Anayeogopa hufurika, na anayefurika humnyima mwenzake. Mwaka 2020 likaja jaribu lingine: konokono wa kigeni, mkubwa kama ngumi ya mtoto, mwenye mayai ya rangi ya waridi yanayobandikwa kwenye mashina juu ya maji. Maji yakiwa kidogo hawezi kutembea vizuri, jambo linalomfaa mwenye kilimo shadidi. Lakini mche anaoupenda zaidi ni ule mchanga, na kilimo shadidi hupanda mchanga, tena mmoja mmoja.

Serikali nayo ilichukua njia ya zege. Ujenzi wa bwawa la Thiba ulizinduliwa mwaka 2017, juu ya mashamba, huko Gichugu, na mwaka 2022 likawa limekamilika: ukuta wa mita 40, ujazo wa mita za ujazo milioni 15.6. Kusudi lake ni kushika maji ya mvua ya njahi na kuyatoa mto unapopungua, ili misimu miwili iwezekane bila kugombana na baridi, na eneo la mpunga lipanuke hadi ekari 35,000. Mwea ndiyo inayotoa takriban asilimia 80 ya mpunga wa Kenya, na bado mchele mwingi tunaokula hutoka Pakistani na kwingineko, kwa hiyo haraka ya serikali inaeleweka. Naliona bwawa hili kuwa jambo jema. Naliona pia kuwa ratiba mpya ambayo mwenye funguo zake anakaa mbali na mwisho wa mfereji, na Mwea wana historia na watu wa namna hiyo.

Tena maji hayaishii Mwea. Thiba unaingia bwawa la Kamburu, moja ya mabwawa ya umeme ya Tana, na Tana unaendelea hadi baharini karibu na Kipini. Huko chini Wapokomo wamelima mpunga kwa vizazi bila lango wala mfereji wa zege, kwa kufuata mafuriko mawili ya mwaka: mto ukijaa mwezi wa Mei na Novemba, unapanda kingo, unaacha rutuba na unyevu, nao wanapanda nyuma ya maji yanayorudi. Tangu bwawa la Masinga likamilike mwaka 1981 mafuriko hayo hayaji kwa saa zake za zamani. Tanzania waliona mfano mkali zaidi: Ruaha Mkuu, unaopita katika mashamba ya mpunga ya Usangu kabla ya kufika hifadhini, ulikauka kabisa katika kiangazi cha mwaka 1993, viboko wakabaki kwenye tope, na umekuwa ukikauka karibu kila mwaka tangu hapo. Kila ekari mpya ya mpunga juu ni siku iliyokatwa kwa mtu wa chini, hata akiwa mbali kilomita mia tano.

Siku hizi chama cha watumiaji maji cha Mwea ndicho kinachopanga zamu kwenye mifereji midogo, kundi kwa kundi. Mto ukiwa mzuri, zamu ni jambo la kuandikwa daftarini. Mto ukipungua, zamu inakuwa usiku, kwa sababu usiku walio juu ya mfereji wamelala na lango lililofunguliwa haliibiwi. Basi utawaona, mwezi wa Septemba, taa za tochi zikitembea juu ya matuta kuanzia saa nne. Mama mmoja amejifunga leso mbili kwa ajili ya baridi, miguu mitupu, jembe begani. Anasimama kwenye kona ya jaruba lake anasikiliza. Maji ya mfereji mkavu yana sauti yake yanapofika: kwanza panzi na vyura wananyamaza, halafu majani makavu yanaanza kusukumana, halafu ulimi mwembamba wa tope unajitokeza kwenye mwanga. Anachimbua mlango wa tuta kwa mapigo matatu. Maji yanaingia polepole, yanazijaza nyufa moja moja. Kila baada ya dakika chache anainama na kutumbukiza kidole kando ya mche, kwa kipimo alichofundishwa, si zaidi ya vidole viwili. Karibu saa tisa anachota tope kwa mikono, anauziba mlango, analipiga kwa kisigino hadi likae. Kisha anainua tochi, anaizungusha mara mbili kuelekea chini ya mfereji, na kule mbali tochi nyingine inajibu na kuanza kusogea.